Katavi: Fungate Bila Foleni

Siku hizi safari zimebadilika, msomaji wangu. Wapenzi wengi wamechoka kupanga foleni ya magari kumtazama simba mmoja, wanatafuta utulivu. Na utulivu, jamani, upo Katavi!

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa 1998 hadi kilometa za mraba 4,471. Ni kubwa kweli, ila wageni wake wa kuhesabu. Zamani kisingizio kilikuwa barabara. Sasa lami imefika Mpanda kutoka Tabora, na mwenye muda wake anapanda treni ya Kaliua, kwenye reli iliyojengwa enzi za mkoloni kufuata madini ya risasi.

Mimi na mume wangu tulifika Sitalike mwezi Septemba. Kiangazi kikikolea, Mto Katuma hubaki madimbwi, na viboko hubanana humo kama abiria wa daladala. Ndani ya hifadhi simu zilikosa mtandao, basi tukaongea sisi wenyewe mpaka usiku. Mara ya mwisho sijui ilikuwa lini!

Lakini kuna jambo. Huko juu, maji ya Katuma huingizwa kwenye mashamba ya mpunga kabla hayajafika hifadhini. Simlaumu mkulima, naye ana watoto wa kulisha. Ila mto ukikauka, viboko hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo hela ya mgeni isiishie hotelini. Ifike mpaka kwa yule mkulima, naye apate sababu ya kumwachia kiboko maji.