Macalder: banda la njiwa hukwanguliwa, halioshwi

Ukipanda basi la asubuhi Nairobi, ukapita Narok, Bomet na Kisii, utaingia mji wa Migori alasiri kiuno kikikuuma, na bado Macalder hujaiona. Itakubidi ushuke, utafute matatu au pikipiki ya kwenda upande wa ziwa, kisha upite Masara ukiingia katika nchi inayozidi kushuka na kuzidi joto. Njiwa hodari wa mashindano hana taabu hizo. Kwa hewani, toka Nairobi hadi Macalder ni kama kilomita 280, na ndege huyo huruka kilomita 70 hata 80 kwa saa. Lau kwao kungekuwa Macalder na ukamwachilia jijini saa moja asubuhi, kabla ya saa sita angekuwa amekwisha tua na kunywa maji, wewe ungali njiani unanunua mahindi ya kuchoma dirishani.

Wengi hulijua jina la Macalder kwa ajili ya dhahabu. Zamani za ukoloni palikuwa na mgodi mkubwa hapa, wa dhahabu na baadaye wa shaba, hata kituo cha umeme cha Gogo kwenye mto Kuja kikajengwa miaka ya 1950 ili kuuendesha. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Wenye mitambo walikwenda zao, Gogo ikabaki na megawati zake mbili, na wachimbaji wadogo wakaendelea kuchimba, kusaga mawe na kuchekecha mchanga mpaka leo. Mwanafunzi wa historia atataka pia kufika Thimlich Ohinga, katika Nyatike hiyo hiyo, aone kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji na ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Hiyo ni safari ya siku nzima peke yake. Leo, msomaji, nakupeleka kwenye kibanda cha njiwa.

Utauliza, kwa nini njiwa, na kwa nini Macalder? Jibu ni kwamba karibu kila adui wa banda la njiwa amejenga hapa: tope, mafuriko, joto lenye unyevu wa ziwa, vumbi la mawe yaliyosagwa, na mabati yanayotiririka jasho alfajiri. Mwenye kuweza kuwaweka njiwa pakavu katika nchi kama hii hatashindwa Umoja wala Buruburu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya Nyatike ya chini ni udongo mweusi, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono na masika hugeuka gundi inayokuvua viatu. Maji hayazami upesi katika udongo huu, bali hukaa juu na kupumua unyevu kwa siku nyingi baada ya mvua kukatika. Huko mbele, Kuja unapokaribia kumwaga maji yake ziwani, mto hufurika na kufukuza watu majumbani, kama ilivyotokea mwaka 2020 na tena mwaka 2024. Ukijenga banda la njiwa juu ya ardhi ya namna hiyo, hata uweke sakafu ya saruji, unyevu utapanda tu.

Ndiyo maana kibanda cha njiwa cha mashambani husimama juu ya nguzo, sanduku la mbao lenye vitundu, mara nyingi limeinuliwa kupita kimo cha mtu. Mgeni wa mjini hudhani ni kwa sababu ya paka na fungo tu. Ni kweli wanyama hao wamo katika hesabu, na mwenye akili huzungushia nguzo kipande cha bati laini ili kucha ziteleze. Lakini tazama ghala la zamani la Waluo, liitwalo dero: kapu kubwa la kusukwa, limekaa juu ya mawe au magogo, limefunikwa kofia ya nyasi. Waliolibuni walikuwa wakiuhifadhi mtama na wimbi dhidi ya adui yule yule. Upepo upite chini, mvua imwagike mbali, panya apate kazi ya kupanda. Siku hizi madero yamepungua kwa kuwa nafaka huwekwa ndani ya magunia, ila fundi wa banda la njiwa angali na la kujifunza hapo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watoto wa mjini hukosea kila mara, tena kwa nia njema. Kijana hununua jozi mbili za njiwa, baba humwambia, "Mradi uwe safi," naye kila Jumamosi huleta ndoo ya maji na sabuni, akasugua banda mpaka likang'aa. Baada ya wiki kadhaa makinda yanakufa, na nyumba nzima inashangaa.

Maji ndiyo yaliyoua. Kinyesi cha njiwa mwenye afya ni kigumu kidogo, cha kahawia chenye ncha nyeupe, na kikikauka hutoka kwa mkwaruzo mmoja wa kipande cha bati. Ukikimwagia maji unakifanya uji unaoingia ndani ya mbao, na mbao hiyo itakaa na ubichi siku mbili tatu. Vijidudu vya ugonjwa wa kuhara, ambao wafugaji wa kuku wanaujua kwa jina la koksidiosisi, hutoka katika kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza. Vinahitaji unyevu, joto, na siku moja mbili hivi ili vikomae. Ukikwangua kila siku katika banda kavu, unavitoa nje kabla havijakomaa. Ukiosha, umevikaribisha kwa chai. Kadhalika ule ugonjwa wa koo unaojaza utando wa manjano kinywani mwa makinda: kijidudu chake hufa upesi kikikauka, lakini huishi vizuri katika bakuli la maji lisilobadilishwa.

Basi kanuni ni hii: banda la njiwa hukwanguliwa, halioshwi. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, dakika kumi zatosha. Kwangua rafu na fito wanazotulia, zoa, nyunyiza jivu kavu au mchanga mkavu pale palipo na dalili ya ubichi. Chombo cha maji ndicho kioshwe kila siku, na kioshewe nje. Njiwa wanapenda kuoga, tena sana, kwa hiyo wape beseni juani mara moja kwa wiki, lakini beseni lisiingie bandani hata siku moja. Kama ni lazima kuosha banda lenyewe au kulipaka chokaa ili kufukuza utitiri unaojificha katika nyufa mchana na kunyonya damu usiku, ngoja kiangazi, mathalani Januari au Februari. Toa ndege wote, fanya kazi asubuhi, acha jua likaushe mpaka jioni.

Paa nalo lina hila zake. Nyasi ni baridi na nzuri, ila hufuga utitiri na panya. Bati ni safi, ila mchana ni tanuri, na alfajiri hewa yenye unyevu ikigusa bati lililopoa hugeuka matone yanayowadondokea makinda mgongoni. Kando ya ziwa mafunjo ni mengi na mikeka yake si ghali. Tandaza mkeka wa mafunjo chini ya bati, uache nafasi ya shubiri moja baina yao ili hewa ipite, na hutasikia tone. Mjini tumia hata gunia safi. Upenu utokeze vya kutosha. Kuhusu upande wa kuelekeza mlango, usimwamini mtu: mvua moja kubwa ikinyesha nenda katazame ni ukuta gani umelowa, kisha weka mlango upande mwingine.

Hewa ipite juu, karibu na paa, isiwapige ndege moja kwa moja. Ingiza kichwa chako bandani usiku. Ukisikia harufu inayochoma macho, jua kwamba ama pamelowa ama umejaza ndege kupita kiasi. Njiwa mwenyewe hupumua maji. Njiwa ishirini katika sanduku la kumi watalowesha banda hata kiangazi, na hapo kukwangua hakutakuokoa, punguza ndege. Kila jozi inataka kitundu chake cha sentimita 30 kila upande au zaidi, maana jike hutaga mayai mawili, huatamiwa siku 17 au 18, na mara nyingi mama huanza mayai mengine kabla ya makinda ya kwanza kuondoka.

Hapa Macalder pana hatari nyingine ambayo vitabu vya Wazungu havitakutajia. Njiwa hawana meno, hivyo humeza changarawe ili zisage nafaka tumboni. Mtoto akitumwa kuziokota, njia rahisi ni kwenda kwenye vilima vya mchanga uliobaki mgodini, laini na wa kijivu. Asithubutu. Mabaki ya mgodi wa shaba hubeba madini yenye sumu, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kwa hiyo maji ya mashimo ya kuchekechea nayo yasiguswe. Chukua changarawe mbali na machimbo, ziosheni na kuzianika, mkichanganya na maganda ya konokono wa ziwani yaliyopondwa. Maganda hayo huyapa mayai ngozi ngumu.

Mzazi, nawe una la kuangalia. Unga mweupe unaotoka katika manyoya ya njiwa, pamoja na vumbi la kinyesi, huweza kumletea mtu ugonjwa wa mapafu baada ya miaka ya kuuvuta. Aidha kuna kuvu inayopenda kinyesi cha njiwa, nayo ni ya hatari kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Mtu huyo asipewe kazi ya banda. Kijana afunge kitambaa puani, akwangue badala ya kufagia kwa fujo, na anawe mikono kabla ya uji. Akiona njiwa anazungusha shingo kama mlevi, asimtibu kwa pilipili. Huo huenda ukawa ugonjwa wa jamii ya kideri, na daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa, pamoja na habari za chanjo.

Kinyesi kilichozolewa ni mali. Karne nyingi zilizopita wakulima wa Isfahan huko Uajemi walijenga minara mikubwa ya njiwa kwa ajili ya mbolea ya matikiti yao. Wewe kirundike na majani makavu miezi kadhaa kioze ndipo ukitie kwenye sukuma, kwani kikiwa kibichi huunguza mizizi.

Njiwa wa vijijini Nyatike na yule wa mashindano wa Ubelgiji ni wa jamii moja, ingawa bei zimeachana: mwezi Novemba 2020 njiwa wa Kibelgiji aitwaye New Kim aliuzwa kwa yuro milioni 1.6. Katika mashindano saa haisimami ndege anapoonekana angani, bali anapoingia bandani. Wako wanaovuka mamia ya kilomita kwa kasi ya ajabu, kisha wakakaa juu ya paa nusu saa wakikataa kuingia kwa sababu ndani pananuka na pamelowa. Mwenye njiwa hukaa chini akipiga miluzi na kutikisa kopo la mahindi, na ushindi unampita.

Ukishawishika kununua Macalder, usichukue ndege wazima kwa kuvutiwa na rangi. Mkubwa anakumbuka kwao, na ukimfungulia Nairobi utamwona akizunguka mara mbili angani kisha akielekea magharibi. Omba makinda ya wiki nne au tano, wanaojilisha lakini hawajaruka bado. Wasafirishe katika kikapu chenye matundu na majani makavu chini, kwa basi la usiku ili wasichemke, na maji uwape mkifika.