Kutoka Kitaya Hadi Visiwani: Tupange Safari



Kitaya ni kijiji cha mkoa wa Mtwara, karibu na Mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Maji yanayopita hapo yanakwenda mashariki. Yanapita kwenye mikoko, kisha yanaingia Bahari ya Hindi. Kuanzia hapo kuelekea kaskazini, pwani yetu ina visiwa vingi. Kuna visiwa vya Ghuba ya Mnazi. Kuna visiwa vya Kilwa. Mbele zaidi kuna visiwa vya Mafia.

Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kuviona. Je, mkulima wa Kitaya? Yeye pia ana haki ya kuiona nchi yake. Lakini safari isiyopangwa inaweza kumaliza fedha za korosho za mwaka mzima. Safari ya baharini isiyopangwa inaweza kumaliza hata uhai.

Tuseme watu kumi wa kijiji wamekubaliana kusafiri pamoja. Wafanye nini?

KWANZA: CHAGUENI MWEZI

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Katikati ya kipindi hicho bahari huchafuka sana. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi. Huo pia ni wakati wa mvua na wa kazi za shamba katika Mtwara.

Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji. Huo ni wakati wa upepo kubadilika, na mara nyingi bahari hutulia. Maleleji ya Oktoba na Novemba ni wakati mzuri wa kwenda visiwani.

Maleleji ya Aprili si mazuri kwa msafiri. Mvua ni nyingi, na vimbunga huweza kutokea. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini ya Msumbiji, jirani na Mtwara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua yake ikakata barabara ya Lindi na Dar es Salaam.

Hapa pana tatizo. Oktoba na Novemba ni miezi ya korosho. Nani ataokota? Nani atapeleka ghalani? Basi wasiondoke wote kumi pamoja. Watano waende mwaka huu, na watano wabaki wasaidie mashamba ya wenzao. Mwaka ujao wabadilishane. Fedha za safari ziwekwe tangu msimu uliopita, zisingoje malipo ya msimu huu.

PILI: CHAGUENI NJIA

Watu wengine hufikiri kwamba safari ya visiwa ni lazima iwe ya chombo tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Visiwa hivi ni kama shanga, na barabara ya pwani ni uzi wake. Pandeni basi kwenye barabara. Pandeni chombo kwa kuvuka tu. Hivyo mtakaa baharini muda mfupi, na upepo ukiwa mbaya mtangoja nchi kavu.

Kituo cha kwanza ni Mtwara mjini, kisha Msimbati. Hapo ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ndani yake mna visiwa vya Namponda, Membelwa, Mongo na Kisiwa Kidogo. Mtaona mikoko, kasa na matumbawe. Matumbawe ni nyumba ya samaki. Yakivunjwa kwa baruti, samaki hawana pa kuzalia. Kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita pwani hii.

Rudini Mtwara, mpite Mikindani na Lindi, mfike Kilwa Masoko. Kutoka hapo Kilwa Kisiwani inaonekana kwa macho. Kisiwa hiki kilikuwa mji mkubwa wa biashara. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapo. Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, naye aliusifu mji huo. Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Magofu yake bado yapo. Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Fedha zikiwaruhusu, endeleeni. Bandari ya kuvukia kwenda Mafia ni Nyamisati. Katika Mafia kuna hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kisiwani Juani kuna magofu ya Kua. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Huyu ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hali watu.

Fedha zisipotosha, geukeni Kilwa. Kuona visiwa viwili vizuri ni bora kuliko kukimbilia kumi na kukwama njiani.

TATU: HESABUNI MAJI

Baharini saa ya mkononi haitoshi. Maji ndiyo saa. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku huchelewa kama dakika 50. Leo maji yakijaa saa 10 alfajiri, kesho yatajaa karibu na saa 11.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hapa kwetu maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo.

Jambo hili lina faida gani? Chukueni Songo Mnara. Njia ya kushukia ipo kwenye mikoko. Mkifika maji yakiwa yamepwa, mtatembea matopeni kwa muda mrefu. Mkichelewa kurudi, chombo kitakaa mchangani. Mwulizeni nahodha maswali mawili kabla ya kulipa: Maji yanajaa saa ngapi? Tutarudi kwa maji gani? Nahodha asiyejibu maswali hayo msipande chombo chake.

NNE: LINDENI MAISHA

Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Basi chombo kikijaa, shukeni. Kila mtu avae jaketi okozi, yaani koti la kuelea, tangu kuondoka hadi kufika. Sikilizeni redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitoa onyo la upepo mkali, ahirisheni.

Msianze safari kwa kuteremka mto kwa mtumbwi. Ruvuma una mamba na viboko, tena ni mpaka. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji na kuishambulia Kitaya. Watu waliuawa na nyumba zilichomwa moto. Kwa hiyo toeni taarifa ofisi ya kijiji kabla ya kuondoka. Acheni majina, njia na siku ya kurudi. Bebeni vitambulisho. Mkifika Msimbati, ulizeni viongozi na polisi hali ya usalama ikoje.

TANO: GAWENI FEDHA

Andikeni mafungu haya katika daftari: nauli za basi, kukodi chombo, ada za hifadhi na magofu, chakula, malazi, na akiba. Kibali cha Kilwa Kisiwani hupatikana Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Ada ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni. Lipeni, mchukue stakabadhi. Bei ya chombo ipataneni kwa kwenda na kurudi, mbele ya wote. Gharama ya chombo wakigawana watano, kila mmoja hulipa kidogo kuliko wawili.

Fungu la akiba lisiguswe. Hilo ndilo la kungojea upepo. Asiyekuwa nalo hulazimika kupanda chombo siku mbaya, kwa sababu chakula kimekwisha.

Mkirudi, wakusanyeni waliobaki. Waelezeni mlichoona, na wasomeeni daftari la matumizi. Wale watano wa mwaka ujao wataanzia hapo.