Tarehe Tulizogombania, Songea 1958–1961

Mapema 1958, habari za mkutano wa TANU wa Tabora zilipotufikia Songea, sisi vijana wa chama tulibishana mpaka usiku. Uchaguzi wa kura tatu uliokuwa mbele yetu ulimlazimisha kila mpiga kura achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu kwa mara moja, na wengi tuliona ni tusi. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe tushiriki hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake. Hata leo naamini Mwalimu aliona mbali: tungesusa, wakoloni wangepata kisingizio cha kuchelewesha kila kilichofuata.

Majimbo mengine yalipiga kura Septemba 1958. Sisi wa Jimbo la Kusini tuliwekwa awamu ya pili, Februari 1959, mvua ikiwa imepamba moto na magari yakikwama njia ya Tunduru.

Uandikishaji ndio ulioniuma. Uwe umetimiza miaka 21, kisha uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Mzee mmoja wa Mshangano, aliyekuwa mtoto mdogo wapiganaji wa Majimaji waliponyongwa hapa mjini mwaka 1906, alimweleza karani habari za tumbaku yake. Hesabu haikufika. Alipotoka aliniuliza, "Mjukuu wangu, uchaguzi mwingine lini?" Sikuwa na la kumjibu. Kwa watu wa umri wake, mwaka mmoja wa kungoja ulikuwa mwingi mno.

Ndiyo maana Mwalimu alipodai serikali ya madaraka mwaka huohuo wa 1959, bila kungoja zaidi, huku kwetu tulimwelewa. Desemba, Gavana Turnbull alitangaza kwamba itapatikana baada ya uchaguzi wa 1960. Masharti yalilegezwa: kusoma na kuandika Kiswahili kulitosha. Babu yule alikuwa amefundishwa kusoma na wamisionari wa Peramiho. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa, karani akamsubiri.

Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati yake bila kupingwa. Baada ya hapo serikali ya Uingereza haikuwa na hoja ya kusubirisha. Machi 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alikutana na viongozi wetu Ukumbi wa Karimjee, wakakubaliana uhuru uwe Desemba 28. Baadaye ikawa Desemba 9. Wiki sita tu baada ya bendera kupandishwa, Rashidi Kawawa, mzaliwa wa huku kwetu Songea, alikuwa Waziri Mkuu.