Marejeo ni Ngamani

Watu wa pwani tunasema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii nimeisikia tangu utotoni hapa Tanga, na nilipokuwa mwalimu niliifundisha kwa miaka mingi: mtu na atembee chomboni atakavyo, mbele na nyuma, mwisho atarudi alikoanzia. Kuna swali moja dogo ambalo sikuwahi kujiuliza. Je, akirudi ngamani, atavikuta alivyoviacha? Swali hilo lilinijia mwaka 2023, nikiwa mstaafu mwenye mvi, nalo sikuletewa na bahari. Nililetewa na simu ya mkononi.

Simu yenyewe ilikuwa ya marehemu mke wangu. Ni Samsung Galaxy S II, aina iliyotoka mwaka 2011, ile ambayo ukifungua mfuniko wa nyuma na kutoa betri unasoma maandishi GT-I9100. Binti yetu alimletea mama yake mwaka 2012. Mke wangu alikuwa kijumbe wa upatu wa mtaa wetu, na simu ile ilikuwa ndiyo ofisi yake. Alipofariki mwaka 2018, ndugu waligawana kanga na vyombo kama ilivyo desturi. Mimi niliomba simu. Laini tuliisajili kwa jina langu tangu mwanzo, kwa hiyo sikuitoa wala sikuibadilisha.

Humo ndani mlikuwa na sauti zake chache alizojirekodi akihesabu michango. Mlikuwa pia na meseji zake. Ndugu msomaji, nakiri kwamba nilizoea kusoma meseji hizo usiku baada ya Isha, moja au mbili, kama mtu anayeonja asali asiimalize. Ni katika meseji hizo nilipomjua mke wangu upya. Nilikuta amemwandikia mama mmoja: "Zamu yako Ijumaa. Ya mwezi jana usihangaike, nimekuwekea." Hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa akiwajazia wenzake michango. Nyingine zilikuwa zangu: "Njoo na chumvi, usisahau kama jana."

Sasa mwaka 2023 ulipoingia, wajukuu waliniambia kwamba WhatsApp itaacha kufanya kazi kwenye simu yangu mwezi Oktoba. Ilitaka Android 5.0 au zaidi, na simu ya mke wangu ilikuwa na 4.1.2, ambayo ndiyo ya mwisho kutolewa na kiwanda kwa aina ile. Binti yangu akasema atanitumia simu mpya. Nilikataa. Nilitaka kuendelea kuishika ile ile.

Nikamwita mpwa wangu, kijana wa dada yangu, ambaye ni fundi simu. Aliingia, akaniamkia shikamoo, akaigeuzageuza simu, akasema, "Mjomba, hii tutairuti."

Nilicheka. Kwa mtu wa umri wangu, kuruti ni kijana aliyenyolewa kichwa anayekimbizwa alfajiri kambini Jeshi la Kujenga Taifa. Akanieleza kwamba neno lake yeye ni la Kiingereza, na maana yake ni mzizi. Android imejengwa juu ya Linux, na katika Linux yuko mtumiaji mmoja mkuu anayeitwa kwa jina hilo la mzizi, ambaye hakuna mlango uliofungwa mbele yake. Simu inapotoka kiwandani, mwenye simu hapewi cheo hicho. Anapewa sebule na chumba, lakini funguo za stoo na za dari hubaki kiwandani. Sababu yake si ubaya mtupu: mwenye funguo zote anaweza kufuta kitu ambacho bila hicho simu haiwaki, na programu yoyote mbaya ikizipata funguo hizo nayo itaingia kila mahali. Ndiyo maana programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyorutiwa.

Lakini kuna watu waliozitafuta funguo hizo kwa nia njema. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliuzwa mwaka 2008, na kufikia mwaka 2009 kijana mmoja wa Marekani, Steve Kondik, alikuwa tayari akitoa mfumo wake uitwao CyanogenMod, ambao mtu aliweza kuuweka badala ya ule wa kiwanda. Kampuni iliyoanzishwa juu ya kazi hiyo ilifunga huduma zake mwishoni mwa mwaka 2016, lakini watu wa kujitolea wakaiendeleza kazi kwa jina la LineageOS. Hao ndio walioifikisha Galaxy S II kwenye Android 7.1, miaka mingi baada ya kiwanda kuacha kuishughulikia. Niliposikia hayo nilifurahi. Niliona ni kama kumpata seremala anayekarabati majahazi ambayo wenyewe wameyatelekeza ufukweni.

Mpwa wangu alifanya kazi kwa utaratibu. Kwanza alitoa betri akasoma namba ya aina herufi kwa herufi, kwa sababu ipo I9100 na ipo I9100G, zinafanana kama mapacha lakini chipu zake ni tofauti, na ukiipa moja programu ya mwenzake unaweza kuiua. Pili aliijaza chaji. Tatu alibonyeza *#06# akaandika kwenye karatasi ile namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, na baada ya kuiruti simu akanakili folda ndogo inayoitwa EFS ambamo namba hiyo hutunzwa. Akanikumbusha mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini. "Folda hii ikiharibika, Mjomba, simu inaweza kupoteza namba yake halisi. Inakuwa kama mtu asiye na kitambulisho."

Kisha akaniuliza, "Humu kuna kitu hutaki kipotee?"

Nilijibu bila kufikiri. "Sauti za shangazi yako na picha. Meseji ziko kwenye laini."

Hilo ndilo kosa langu, nami naliandika hapa waziwazi. Katika simu za vitufe za zamani, meseji nyingi zilikaa kwenye laini kweli, na laini ikijaa ilikubidi ufute. Nilibaki na elimu hiyo ya zamani nikaiamini. Katika simu hizi za Android, meseji huandikwa ndani ya simu yenyewe, kwenye faili moja lililo katika sehemu ya data ya programu, sehemu ile ile ambayo hufutwa unapobadilisha mfumo. Sauti na picha zilikuwa sehemu nyingine, naye alizihamishia kwenye kompyuta. Meseji hakuzigusa, kwa kuwa mjomba wake, mwalimu mzima, alikwisha kusema ziko kwenye laini.

Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Simu iliwaka na sura mpya, WhatsApp ikaingia, wajukuu wakanipigia makofi. Ilipowaka ilionyesha pembetatu ndogo ya manjano chini ya jina la simu, alama ya kwamba sasa inatumia kiini kisicho cha kiwandani. Sikuijali.

Usiku baada ya Isha nilifungua meseji. Palikuwa peupe.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa dada yangu kabla chai haijaiva. Nilimwambia mpwa wangu neno moja tu: "Irudishe. Irudishe kama ilivyokuwa." Akanitazama, akaelewa, na uso wake ukabadilika. Lakini alikuwa kijana mwenye adabu, hakubishana nami. Akatoa kompyuta.

Kurudisha simu ya namna ile kwenye programu ya kiwandani ni kazi inayotaka utulivu kuliko ya kuondoka. Aliizima, akashika pamoja kitufe cha kupunguza sauti, kile cha katikati na cha kuwashia, mpaka likatokea onyo, akakubali kwa kitufe cha kuongeza sauti. Akaunganisha waya, akafungua programu iitwayo Odin, akachagua faili la kiwandani la aina ile ile, GT-I9100. Kuna kisanduku kimoja pale cha kugawa upya hifadhi ya simu. Alinionyesha kwa kidole akasema, "Hiki hatukitii alama. Wengi wameulia simu hapa." Kisha akaniomba nisiguse meza. Waya ukichomoka au kompyuta ikizimika katikati, simu hubaki nusu na nusu, ingawa mara nyingi huokoka ikiwa ile programu ndogo ya kuiamsha haijaguswa. Tulikaa kimya. Neno la kijani likatokea: imefaulu. Kwa kuwa data ya mfumo mpya haipatani na mfumo wa zamani, akasafisha data kwa mara nyingine, kisha akabonyeza *#06# akalinganisha tarakimu na zile za karatasini. Zote 15 zilikuwa mahali pake.

Simu ikawaka kwa muziki wake wa zamani. Moyo wangu ulidunda. Kisha ikaniuliza nachagua lugha gani.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipofahamu. Nilikuwa nimetamka neno "kiwandani" kichwani mwangu kama mtu anayetamka "nyumbani". Nilidhani kurudi kiwandani ni kurudi juzi, siku moja kabla ya kosa. Lakini kiwanda hakikumjua mke wangu. Kilichorudi ni simu ya siku ile ilipotolewa katika boksi, kabla binti yetu hajaileta, kabla ya upatu na kabla ya chumvi. Simu ilikuwa nzima kabisa, wala haikumkumbuka mtu.

Jambo moja bado linanishangaza. Mpwa wangu alipoiingiza tena katika ile hali ya kupokea programu ili ahakikishe, niliona mstari mdogo ukisema kwamba programu isiyo ya kiwandani imewahi kuingizwa, mara 1. Kihesabio hicho hakikuwa kimefutika. Akaniambia kwamba katika Samsung zilizokuja tangu mwaka 2013 zenye ulinzi wa Knox, alama hiyo ni kama fyuzi: ikishaungua, hata urudishe kila kitu cha kiwandani, haitarudi sifuri. Basi simu ilikumbuka kosa letu, ikamsahau aliyekuwa mwenye simu.

"Mjomba, kosa ni langu," kijana akasema. "Kabla ya kufuta ilinipasa kuchukua nakala ya simu nzima. Ile ndiyo ingeturudisha jana. Na tulikwisha kuwa na funguo zote. Hata lile faili la meseji peke yake ningelinakili kwa dakika moja."

Maneno yake ya mwisho yaliniuma kuliko mengine, kwa kuwa yalikuwa kweli. Funguo zilizofungua mlango wa hasara ndizo zilizoweza pia kufungua sanduku la akiba. Tulizitumia kwa jambo moja tukasahau la pili. Nilimjibu kwamba aliuliza swali zuri na mimi nilitoa jibu bovu. Tukanyamaza. Dada yangu akaleta chai.

Tangu siku ile nimeifikiria sana habari ya kurudi. Tunapenda kuambiana kwamba njia ya kurudi ipo daima: mtu agombane, aondoke, auze shamba, avunje alichovunja, kisha siku moja atasema turudi kama zamani. Njia ya kurudi ipo, sikatai. Lakini hutengenezwa kabla ya kuondoka. Ukiondoka bila nakala, unaweza kurejea hata mwanzo kabisa, lakini jana hutaifikia. Ngama iko pale pale. Shehena uliyoitupa baharini haimo.

Sasa nina simu nyingine ya bei nafuu, aliyonitumia binti yangu, na kwa hiyo nazungumza na wajukuu. Ile ya mama yao imebaki na programu yake ya kiwandani, haina WhatsApp. Nimezirudisha sauti humo, na usiku mwingine namsikiliza akihesabu: elfu tano, elfu tano, huyu bado, huyu nimemwekea. Nimenunua pia daftari la kurasa 96. Naandika meseji ninazozikumbuka, kila moja kwenye mstari wake. Nimefika 41. Zile nisizo na hakika nazo naziacha, maana sitaki kumwekea maneno mdomoni.

Mpwa wangu naye amebadilika. Nilipita kwenye meza yake majuzi, nikamkuta na mama mmoja aliyeleta simu ya zamani. Hakumuuliza kama kuna kitu asichotaka kipotee. Alifungua meseji, akamgeuzia kioo, akasema, "Mama, hizi zote zitafutika. Zisome kwanza, halafu uniambie." Yule mama aliichukua simu, akavuta kigoda, akaketi, akaanza kusoma.