Mawe Mekundu ya Kithimani

Mtu atokaye Thika kwa njia ya Garissa hufika Kithimani kabla ya Matuu. Karibu na hapo upo uwanda wa Yatta, uliofunikwa na mawe meusi ya volkano yaliyotiririka yapata miaka milioni 13 iliyopita, yakaenda kiasi cha kilometa 300. Lakini chini yake mna mawe ya kale zaidi, na hayo ndiyo yaliyonipeleka huko.

Mjomba wangu aliniita kwa haraka. Alikuwa ameokota chembe nyekundu korongoni, akadhani ni yakuti, na amekwisha kupatana bei ya ng'ombe wake wawili wa kulimia, apate fedha za kuwalipa wachimbaji.

Tulishuka pamoja. Jiwe lilikuwa na mistari myeusi na myeupe, na kila chembe nyekundu imezungukwa na duara jeupe. Nikasema, "Mjomba, duara hilo ndilo litakalotupa habari."

Zamani jiwe lile lilikuwa matope yenye chuma, alumini na potasi. Yalizikwa chini sana, na zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana, yakabanwa na kupata joto la zaidi ya digrii 600 za Selsiasi. Kwanza vitu hivyo viliungana vikafanya ulanga mweusi. Joto lilipozidi, ulanga ukavunjika: chuma kikaingia katika chembe nyekundu, iitwayo ganeti, potasi ikahamia katika madini meupe ya kando, maji yakatoka. Ndiyo sababu duara lile halina weusi: chuma chake kimekwisha kuvutwa na ganeti. Wala hakikusafiri mbali. Safari yenyewe ni kama upana wa kidole.

"Je, ina bei?" akauliza.

"Ganeti ya kijani ya Taita, iliyopata rangi yake hasa kwa vanadi, huuzwa ghali. Hii yetu ni ndogo, tena imejaa nyufa. Sonara hataitaka."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na ile potasi, ilipotelea wapi?"

Nikamwonyesha shamba lake. Madini meupe yakimomonyoka kwa mvua huiachia potasi udongoni, na mahindi na mbaazi huihitaji.

Jioni ile mjomba alikwenda kumwambia mnunuzi kwamba ng'ombe hawauzwi. Mvua za Novemba zilipofika, walikuwa shambani wakivuta plau.