Dhana na Kifuniko Kilichopasuka

Gari langu kuukuu lilipoanza kujikokota kila nikanyagapo mafuta, na bomba la moshi kulipuka hata watoto wa jirani wakaamka, sikuchelewa kumpata mkosaji. Nilimwendea kijana wa kituo cha mafuta, nikamwambia mbele ya watu kuwa petroli yake imechanganywa na mafuta ya taa. Aliinamisha kichwa, hakunijibu.

Mama watoto ndiye aliyeniuliza, "Bwana, mbona hulipuka alfajiri tuendapo Msambweni, na adhuhuri turudipo hutulia? Petroli si ni ile ile?"

Nilinyamaza, nikalipeleka gari kwa fundi Ukunda. Alifungua kifuniko cha distribyuta, kinachogawa umeme kwa plagi, akanionyesha ufa mwembamba na kutu nyeupe. Umande wa Galu wenye chumvi ulipenya humo usiku, cheche zikapotea njiani. Petroli isiyoungua ndani ya injini ikaenda kuwaka kwenye bomba. Jua likikausha, gari hupona. Kifuniko kipya kiliyamaliza maradhi.

Lakini ufa wa pili ulikuwa wangu. Mimi nisomeshaye Surat Al-Hujurat, inayotuonya juu ya dhana, nilimdhulumu mtoto wa watu kwa dhana. Nilirudi kituoni, nikamwomba radhi mbele ya watu, kama nilivyomtuhumu mbele ya watu. Alitabasamu: "Yamekwisha, shekhe."

Wazazi wenzangu, kabla ya kumtaja mkosaji nyumbani, tuulize kwanza: jambo hili hutokea lini, na lini halitokei?