Siku Tatu Chini ya Hema Kyerwa

Akina mama wenzetu, wengi wetu husafiri kwa msiba au harusi tu. Safari hii familia tatu za Karagwe tulikwenda kupumzika, katika Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, ambayo zamani ilikuwa pori la akiba hadi ilipopandishwa hadhi mwaka 2019 pamoja na Rumanyika-Karagwe.

Waingereza hulipa fedha nyingi kulala katika mahema yenye vitanda. Sisi tulibeba magodoro, shuka safi na vyandarua kutoka nyumbani, yakatosha kabisa. Mbung'o wapo, kwa hiyo vaeni mikono mirefu, wala msivae buluu, maana rangi hiyo huwavuta.

Akina baba walipika ndizi na maharage. Ziliungua kidogo, tukala. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa miaka minne amemwuguza mama mkwe wake, alilala mpaka saa tatu asubuhi. Mumewe alitaka kumwamsha, tukamzuia.

Siku nyingine tulikwenda kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, alikofika Stanley mwaka 1876 alipokuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika. Watu huoga huko kutafuta nafuu ya maumivu ya mwili. Nasi tulioga, na kwa kuwa baadhi yetu ni wauguzi, tuliwasihi wenye shinikizo la damu wasiache dawa zao.

Njiani kurudi, yule mume aliuliza kimya kimya ni nani atakayekaa na mama yake mwezi ujao, mkewe apumzike tena. Wifi alikuwa amebaki naye safari hii. Tukapanga zamu mle mle garini.